Filimbi ya Injini ya Mvuke ya Kuchezea: Jinsi ya Kuirudishia Sauti Bila Kuiharibu

Injini kongwe ya mvuke ya kuchezea ikiletwa kwangu kwa sababu "filimbi imegoma", mara nyingi nakuta dalili zilezile: makovu ya koleo shingoni mwa filimbi, utepe mweupe wa bomba unaochungulia kwenye thredi, na mdomo wa filimbi uliokwisha pigwa tupa. Aliyeishika kabla yangu hakukosa bidii. Alianzia mwisho tu.

Nami nilipita hukohuko. Filimbi yangu ya kwanza niliipiga tupa hadi mdomo ukawa dirisha, ndipo nikagundua kuwa ugonjwa ulikuwa punje ya chokaa iliyojibanza chini ya gololi ya vali. Punje yenyewe ndogo kuliko chembe ya chumvi.

Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja: sehemu inayotoa sauti haina kitu kinachosogea, na haichakai kirahisi. Kinachochakaa ni vali, na kinachoziba ni uchafu. Mdomo wa filimbi tutaugusa mwisho kabisa, tena ikibidi.

## Vifaa vya kuandaa

- Spana inayoenea sawasawa kwenye filimbi yako, pamoja na kipande cha ngozi laini
- Mafuta ya kulegeza skrubu zilizoganda
- Lenzi ya kukuzia na taa nzuri
- Sabuni ya vyombo, asidi ya sitriki ya unga au siki nyeupe, na magadi ya kuokea
- Bomba la sindano lisilo na sindano, na mpira mwembamba unaobana kwenye shina la filimbi
- Vijiti vya meno, mswaki wa zamani, na ukanda mwembamba uliokatwa kwenye chupa ya plastiki
- Gololi mbili za chuma kisichoshika kutu, zenye kipenyo sawa na ile ya zamani
- Springi ndogo ya chuma kisichoshika kutu
- Washa mpya (pete bapa za kuziba maungio) za nyuzinyuzi, au oringi zinazostahimili joto
- Dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba isiyo na amonia
- Maji yaliyokenekwa
- Glavu na miwani ya kukinga macho

Koleo halimo kwenye orodha, na si kwamba nimelisahau.

## Kabla ya kuwasha moto wowote

Shika vali ya usalama. Vuta shina lake kwa vidole: linapaswa kuinuka, springi ikubane, kisha lirudi lenyewe. Ikiwa limeganda, limelehemiwa na mtu, au mahali pake pameingizwa skrubu tu, acha habari za filimbi na utengeneze hiyo kwanza. Boila ndogo isiyo na vali ya usalama inayofanya kazi ni bomu dogo.

Tazama pia vifungashio. Kwenye vyombo vya zamani, uzi mweupe au wa kijivu uliozungushwa kwenye maungio, au ubao laini chini ya boila, unaweza kuwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usiukwangue ukiwa mkavu na usiupulize. Ulowanishe kwa maji ya sabuni, utoe kwa kibano ukiwa umelowa, uufunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kisha ufuate utaratibu wa mahali ulipo wa kutupa taka za aina hiyo. Kama ni mwingi au unameguka ovyo, usiuguse kabisa. Waachie wanaojua kazi hiyo.

## Hatua ya 1: Sikiliza ugonjwa

Kama vali ya usalama ni nzima na boila haivuji, pandisha mvuke mara moja, bonyeza wenzo wa filimbi, usikilize.

Kimya kabisa, hakuna mvuke unaotoka. Njia imeziba au vali haifunguki. Nenda Hatua ya 4.

Mvuke unatoka kwa nguvu, unasikia "shhh" tu. Vali inafanya kazi, lakini mvuke haulengi pale unapotakiwa kulenga. Uchafu kwenye mwanya (upenyo mwembamba chini ya mdomo), au kengele ya filimbi, yaani bomba lake la juu, imezungushwa. Hatua ya 4, kisha ya 6.

Inagugumia na kutema maji. Huenda haina ubaya wowote. Umejaza maji kupita kiasi, au filimbi bado ni baridi. Soma Hatua ya 8 kabla hujafungua kitu.

Inalia au kuvuja hata usipobonyeza. Hiyo ni vali. Hatua ya 5.

Inatoa mlio mkali unaokatika. Mvuke ni mwingi kuliko mdomo unavyoweza kuuchukua. Jaribu kubonyeza wenzo kidogo tu. Ikiimba vizuri hapo, umepona bila kufungua hata skrubu moja.

Andika ulichosikia. Ukishatenganisha vipande, kumbukumbu hudanganya.

## Hatua ya 2: Ifungue bila kuumiza boila

Subiri boila ipoe kabisa, uimwage maji.

Tia tone la mafuta ya kulegeza kwenye ungio, uache usiku kucha. Asubuhi, mwagia maji ya moto sana juu ya ungio kwa dakika moja, ukiwa umevaa glavu. Shaba hutanuka na mafuta yaliyoganda hulainika.

Shika kwa spana ile sehemu ya filimbi iliyochongwa pande sita, au pande mbili bapa. Mkono mwingine ushike boila karibu na ungio, siyo mwishoni mwa injini. Kwanza kaza kwa nguvu ndogo sana, kiasi cha unywele, kisha legeza. Mkazo ule mdogo huvunja gundi ya mafuta ya kale, na ukiufanya utashangaa jinsi ungio lilivyokubali.

Onyo: usitumie moto wa gesi kulegeza filimbi ikiwa bado ipo kwenye boila. Boila nyingi za kuchezea zimeunganishwa kwa lehemu laini, na ile ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za selsiasi. Mvuke wenye shinikizo la bar 1 juu ya hewa ya kawaida una nyuzi 120 tu, ndiyo maana lehemu inaustahimili. Moto wa gesi utaivuka nyuzi 183 kabla hujamaliza kupepesa macho.

Kama filimbi haina pande bapa za kushikia, izungushie ngozi na utumie mkono. Ikigoma, rudia mafuta na maji ya moto kwa siku tatu. Siku tatu za kungoja ni nafuu kuliko boila iliyopasuka shingoni.

Umefanikiwa iwapo: filimbi imetoka, thredi zote ni nzima, na tundu la boila halijapinda kuwa yai.

## Hatua ya 3: Ipulize kwa mdomo

Watu huiruka hatua hii, kumbe ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Vuta mpira mwembamba kwenye shina la filimbi. Bonyeza wenzo, puliza polepole kama anayepooza chai. Ongeza pumzi kidogo kidogo.

Ikiimba, hata kwa unyonge, mdomo na mwanya ni vizima. Usiviguse tena. Tatizo liko kwenye vali, kwenye maji, au kwenye njia ya ndani ya boila.

Usihuzunike sauti ikiwa nzito kuliko ulivyotarajia. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde katika hewa, lakini katika mvuke wa nyuzi 100 hufika mita 470 hivi. Filimbi ileile ikipata mvuke itapanda juu, kama mwimbaji aliyepata kionjo chake.

Achia wenzo sasa, chovya filimbi nzima kwenye glasi ya maji, puliza tena. Vipovu vikitoka mdomoni mwa filimbi, vali haifungi. Hesabu: kipovu kimoja baada ya sekunde kadhaa ni uchafu, mfululizo wa vipovu ni kiti cha vali (pale gololi inapokaa) kilichochakaa au gololi mbovu.

## Hatua ya 4: Safisha kwa mpangilio

Mpangilio una maana hapa. Mafuta kwanza, chokaa baadaye. Chokaa iliyofunikwa na mafuta haiguswi na asidi.

Mafuta. Fungua vali kama inafunguka, toa gololi na springi, uviweke kwenye kisahani chenye sumaku au kitambaa cheupe. Gololi ya milimita 3 ikidondoka sakafuni huwa haina kwao. Loweka vilivyobaki kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, pigia mswaki, sukuma maji kwa bomba la sindano kupitia shina hadi yatoke safi mdomoni.

Chokaa. Koroga kijiko kimoja cha chai cha asidi ya sitriki katika kikombe cha maji ya moto. Tumbukiza. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka ndani ya shina. Hiyo ndiyo chokaa ikiyeyuka. Angalia baada ya dakika 15. Vipovu vikikoma, kazi imekwisha. Usizidishe nusu saa.

Ukiona shaba ya njano inageuka rangi ya waridi, itoe mara moja. Asidi imeanza kunyonya zinki, na shaba iliyopoteza zinki huwa dhaifu kama biskuti iliyolowa.

Suuza kwa maji mengi, kisha kwa maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea ili kuua asidi iliyobaki, kisha tena kwa maji safi.

Onyo: epuka kabisa visafishio vyenye amonia. Amonia hupenya shaba ya njano iliyo na mkazo ndani yake na kuipasua nyufa ndogo, na bomba jembamba la filimbi lililokandwa kiwandani lina mkazo huo tele.

Mwanya. Chini ya mdomo wa filimbi kuna upenyo mwembamba, unene wa karatasi mbili tatu, ambao mvuke hutokea. Pitisha ukanda wa plastiki huku na huku. Usitumie kisu wala sindano ya chuma. Mkwaruzo mmoja kwenye ukingo wa mwanya hupindisha mvuke, na filimbi itabaki ikihema.

Umefanikiwa iwapo: ukiitazama kwenye taa, mwanya unaonekana kama mstari mmoja usiokatika.

## Hatua ya 5: Vali, mahali ugonjwa hulala

Filimbi hizi huja hasa kwa mitindo miwili.

### Vali ya gololi na springi

Katika nyingi, gololi hukaa upande wa boila na mvuke wenyewe huisukuma ibane kwenye kiti. Wenzo ukibonyezwa, pini huisukuma gololi kinyume na mvuke. Lielewe hili vizuri, maana linaondoa kosa kubwa: kuvuta springi ili "ibane zaidi".

Piga hesabu. Tundu la milimita 3 lina eneo la milimita za mraba 7 hivi. Mvuke wa bar 1 hapo husukuma kwa uzito wa gramu 70 hivi. Springi inasaidia tu kuirudisha gololi mahali pake kabla mvuke haujapanda. Ukiiweka kali, wenzo utakuwa mgumu, pini itapinda, na vali bado itavuja kwa sababu kilichoharibika ni kiti. Springi iliyovutwa kwa mkono nayo hulegea tena baada ya moto mara chache.

Kwa hiyo:

1. Chunguza gololi kwa lenzi. Ikiwa na doa, kutu au ufifi, itupe. Usiing'arishe.
2. Chunguza kiti. Unataka kuona duara jembamba linalong'aa, lisilokatika popote. Ukiona mfereji unaokatiza duara, mvuke unapita hapo.
3. Zungusha kijiti cha meno chenye ncha iliyotafunwa na dawa ya meno kwenye kiti, mizunguko ishirini, usuuze. Mara nyingi hii pekee inatosha.
4. Mfereji ukibaki, weka gololi ya kwanza mpya juu ya kiti, weka kipande cha fimbo ya shaba juu yake, uigonge mara moja kwa nyundo ndogo. Nguvu ya kuvunjia karanga, si zaidi. Shaba laini itachukua umbo la gololi.
5. Itupe gololi hiyo, kwa kuwa huenda imepata kovu, na uweke ya pili.

Gololi isiwe ndogo mno kwa tundu lake. Ya milimita 4 hukaa vizuri juu ya tundu la milimita 3. Ikikaribia sana kipenyo cha tundu, itanasa kama kizibo.

Dawa ya kusagia vali za magari usiikaribishe hapa. Chembe zake ngumu hujichimbia ndani ya shaba laini na kubaki, zikiendelea kusaga kila unapobonyeza.

### Vali ya plagi inayozungushwa

Hapa kuna kigingi chenye umbo la karoti, chenye tundu katikati, kinachozungushwa kwa mkono mdogo. Huvuja kwa sababu kigingi kimechakaa upande mmoja, au kwa sababu kimechorwa na mchanga.

Weka alama kabla ya kukitoa. Kila kigingi kimezoea nyumba yake na kwenye filimbi nyingine hakikai. Paka dawa ya kung'arishia shaba, zungusha nusu mzunguko huku na huku huku ukiinua mara kwa mara, hadi uone rangi moja iliyofifia kuzunguka kigingi chote. Osha mno. Kikaze kiasi kwamba mkono unageuka kwa kidole kimoja lakini haujigeuzi wenyewe.

Usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani kwenye vali ya aina yoyote kati ya hizi mbili. Kwenye joto hugeuka gundi, nayo ndiyo gundi uliyokwisha isugua hatua iliyopita.

Umefanikiwa iwapo: ukirudia jaribio la glasi ya maji, hesabu polepole hadi thelathini bila kipovu hata kimoja.

## Hatua ya 6: Mdomo, ikibidi tu

Fika hapa ikiwa vali ni nzima, mwanya ni safi, na bado unasikia "shhh" ukipuliza kwa mpira.

Je, kengele imezungushwa? Katika filimbi nyingi mwanya upo upande mmoja tu wa kiini cha chini, na bomba la juu limebanwa juu yake. Mtu akilishika kwa koleo, bomba linazunguka na mdomo unaachana na mwanya. Lizungushie ngozi, ligeuze kwa vidole huku unapuliza. Sauti itakuja ghafla, kama redio iliyopata stesheni.

Je, kifuniko cha juu kinavuja? Bandika nta laini juu ya kichwa cha filimbi na kuzunguka ukingo wake, upulize. Ikiimba, umepata jibu. Lehemu ukingo huo kwa pasi ndogo ya kulehemia, filimbi ikiwa nje ya boila.

Je, ulimi umepinda? Ukingo wa juu wa mdomo unapaswa kuugawa mvuke, nusu iingie, nusu itoke. Ukiwa umebonyea ndani au umechomoza nje, mvuke wote unapita upande mmoja. Ingiza fimbo ya mti inayoenea ndani ya bomba, usukume ulimi kwa ukucha. Ukucha, siyo bisibisi. Puliza. Sukuma tena. Puliza.

Kama hapa umeshikwa na hamu ya tupa, kaweke filimbi kabatini ulale kwanza.

## Hatua ya 7: Irudishe mahali pake

Ivishe filimbi washa mpya. Ingiza filimbi kwa vidole tu hadi iguse, kisha spana robo mzunguko.

Ikiwa filimbi si ya injini hiyo, kagua thredi kabla. Vali za usalama za kampuni ya Mamod ya Uingereza, kwa mfano, mara nyingi ni za robo inchi zenye meno 26 kwa inchi, ilhali za Wilesco ya Ujerumani ni za milimita 6 zenye nafasi ya milimita 0.75 kati ya jino na jino. Tofauti ya kipenyo ni milimita 0.35 tu, hivyo kitu cha kipimo cha mita huweza kuingia kwenye tundu la inchi, kikajifanya kimeshika, kisha kikaruka mvuke ukipanda. Filimbi inayotingishika kwenye thredi haiokolewi na utepe.

Kuhusu utepe mweupe: mizunguko miwili inatosha, ukiufuata upande wa thredi, na uache meno mawili ya chini wazi. Nyuzi zake zikiingia kwenye shina zitaishia kwenye mwanya, nawe utarudi Hatua ya 4 ukilaani.

Ukiwa na pampu ya mkono ya maji yenye geji, jaza boila maji baridi hadi isibaki hewa, ziba tundu la vali ya usalama, upandishe hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kawaida la injini hiyo. Shikilia dakika kumi. Usitumie pampu ya baiskeli badala yake. Hewa iliyobanwa hutunza nguvu na boila ikiachia hurusha vipande. Maji huchuruzika tu. Kisha rudisha vali ya usalama, uishike tena kwa vidole kama mwanzo.

## Hatua ya 8: Jaribio la mvuke

Jaza maji yaliyokenekwa robo tatu ya boila, yasizidi hapo. Maji yakiwa mengi, yanayochemka hurukia kwenye shina la filimbi na utalaumu kazi yako nzuri bure.

Washa moto mahali penye hewa ya kutosha. Miwani machoni. Uso na mikono visiwe mbele ya mdomo wa filimbi: pale mvuke unapotokea hauonekani, wingu jeupe unaloliona ni mvuke uliokwisha anza kupoa.

Mbonyezo wa kwanza utatema maji, na ndivyo inavyotakiwa. Bomba ni baridi, mvuke unageuka maji humo ndani. Bonyeza kwa sekunde moja, achia, ngoja sekunde kumi. Fanya hivyo mara tatu au nne. Kufikia ya nne au ya tano, bomba limepata moto na sauti inatoka kavu.

Umefanikiwa iwapo: sauti inakuja mara tu unapobonyeza, inakatika mara tu unapoachia, hakuna tone linaloning'inia mdomoni baada ya nusu dakika, na vali ya usalama bado inapumua yenyewe injini ikiachwa.

Zima moto kabla maji hayajaisha. Boila ikishapoa, fungua tundu la kujazia, mwaga yaliyobaki, uiache wazi hadi ikauke.

## Ikiimba baridi lakini inagoma kwenye mvuke

Hili huulizwa sana, nalo lina sababu mbili ninazokutana nazo. Ya kwanza ni maji kupita robo tatu. Ya pili ni pini ya wenzo: shaba ikipata joto hutanuka kidogo, na pini iliyokuwa inaifikia gololi kwa shida haiifikii tena, au inainyanyua nusu tu. Bonyeza wenzo injini ikiwa baridi na utazame kwa lenzi gololi inasogea kiasi gani. Ikiwa unahitaji lenzi kuona mwendo wenyewe, pini imechakaa. Tengeneza nyingine ya waya wa shaba wenye unene uleule, ndefu kwa nusu milimita, na uichonge kwa msasa hadi wenzo uwe na mchezo mdogo kabla ya kuigusa gololi.